Kama unaogopa, nenda na Pura

 

Nimepotea hapa wiki tatu nzima. UE, madesa, usingizi wa saa tatu kwa siku, si mnajua tena mambo ya chuo. Mitihani imeisha, matokeo tumwachie Mungu na wasahihishaji. Leo nataka tuongee kuhusu hofu. Siandiki kama mtaalamu wa somo hili, naandika kwa sababu hofu ninayo. Wiki nzima nimekaa nayo nikiigeuza huku na huku, Biblia mkononi.

Habari yenyewe iko hivi. Orodha ya TP imetoka na mwenzenu nimepangiwa sekondari moja kisiwani Ukara, kufundisha Baiolojia na Kemia. Kwa wale wa Dar ambao ramani yenu inaishia Kibaha (msinipige jamani!), Ukara ni kisiwa kwenye Ziwa Victoria, kaskazini mwa kisiwa cha Ukerewe. Mimi nikitokea nyumbani Musoma napanda gari mpaka Bunda, toka Bunda mpaka Kisorya, hapo pantoni kwenda Rugezi upande wa Ukerewe, halafu gari tena mpaka Bugolora, halafu kivuko cha pili kwenda Bwisya, ndiyo Ukara yenyewe. Maji mara mbili kwenda, mara mbili kurudi. Na kuogelea sijui.

Najua mtacheka. Mtoto wa Mwisenge hajui kuogelea! Mwisenge wengi mnaijua kwa jambo moja tu: shule yetu ya msingi ndiyo aliyoanzia darasa la kwanza Mwalimu Nyerere mwaka 1934, akiwa na miaka 12, akitokea kwao Butiama. Lakini sisi tuliozaliwa pale tunaijua zaidi kwa ziwa. Ziwa ndiyo sabuni, ndiyo mboga, ndiyo ada ya shule. Mama yangu ananunua dagaa mwaloni na kuwaanika, na hao dagaa ndio walionisomesha mpaka nikafika huku. Sasa mtu unayekula kwake unamwogopaje? Ngoja niwaambie.

Dagaa wanavuliwa usiku, tena usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwa kubwa kazi inalala. Na usiku huo huo ndipo ziwa linapochafuka. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku nchi kavu inapoa na upepo unageuka, unatoka pande zote kwenda katikati ya ziwa ambako maji bado yana joto. Zikikutana pale hewa inapanda, mawingu yanajijenga, radi na dhoruba vinafuata. Haya ya upepo nilikuja kuyasoma baadaye kwenye Jiografia. Nikiwa darasa la tatu nilijua kitu kimoja tu, kwamba baba mdogo aliondoka jioni na wenzake watatu kwenye mtumbwi mmoja, wakarudi wawili. Yeye walimpata siku ya tatu.

Baba mdogo alikuwa anaimba besi kwaya ya kanisani. Kabla ya kusukuma mtumbwi walikuwa wanavua kofia na kuomba. Kila siku. Hilo shikeni, nitalirudia.

Tangu hapo maji yakinifika kwenye vifundo vya miguu yananitosha. Halafu nikiwa kidato cha pili, Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikatoka Bugolora kwenda Bwisya. Ndiyo, njia hiyo hiyo ya kwangu. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora, watu wanarudi nyumbani na mizigo yao. Uwezo wa kivuko ulikuwa abiria 101. Kilipinduka gati la Bwisya likiwa linaonekana kabisa, karibu na kufika. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Waliookolewa wakiwa hai ni 41 tu, wa mwisho wao fundi wa kivuko aliyetolewa ndani ya chombo kilichopinduka siku ya Jumamosi, siku mbili baadaye. Sisi tulikuwa tunasikiliza kwenye redio ya matroni bwenini, wasichana wamejazana mlangoni, hakuna anayeongea. Nakumbuka niliwaza jinsi jina la yule mtoto wa darasa la kwanza wa Mwisenge lilivyokuwa limeandikwa ubavuni mwa chombo kile.

Basi sasa mnaelewa kwa nini nilipoona neno Ukara mbele ya jina langu miguu iliisha nguvu.

Chuo kinaruhusu kuomba kubadilishiwa kituo ukiwa na sababu maalumu. Fomu ninayo, mwisho wa kurudisha ni kesho Ijumaa saa 9 alasiri. Nilimpigia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umepangiwa wapi?" Nikamwambia. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema, "Jaza hiyo fomu. Ziwa lilishachukua mmoja nyumba hii, linatosha."

Jumatano ya wiki iliyopita nikaenda kwenye ibada ya wanafunzi nikitegemea kupata neno. Nikalipata kweli, maana mhubiri mgeni alihubiri hofu! Alisema hofu ni dhambi, na ukiona mtu anaogopa ujue bado hajamwamini Mungu. Akataja 2 Timotheo 1:7, ukumbi mzima ukalipuka kwa amina. Jamani, simsemi vibaya mtumishi wa Mungu, alihubiri kwa moto na watu walibarikiwa. Lakini mimi niliingia pale na hofu moja nikatoka na mbili: naogopa maji, na naogopa kwamba kule kuogopa ni dhambi.

Usiku ule sikulala. Nikafungua Biblia, nikaanza kutafuta watu walioogopa ndani yake wametendewa nini. Nawapa nilichokuta.

Nilianza na dhoruba ya Marko 4, si ndiyo ya kwetu watu wa ziwa! Tunaiita bahari ya Galilaya lakini Luka anaiita ziwa, na ni ziwa kweli, tena dogo: urefu kama kilomita 21, upana kama 13. Ukilichukua lote ukalimwaga ndani ya Victoria yenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000, hata mwaloni kwetu hawatajua kwamba kuna kitu kimeongezeka. Lakini liko bondeni, zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, milima imelizunguka, na upepo ukishuka kutoka milimani ghafla linachafuka. Sasa angalieni nani walioogopa usiku ule. Ndani ya chombo walikuwemo Petro, Andrea, Yakobo na Yohana, wote wavuvi. Hawakuwa watalii. Mtu anayelijua ziwa ndiye anayejua lini la kuogopa. Yesu aliwauliza mbona wanaogopa, ni kweli, lakini aliwauliza akiwa ndani ya chombo hicho hicho, amelowa maji hayo hayo. Na hakuwashusha.

Kisha nikaenda Gethsemane, Marko 14. Pale anayefadhaika ni Yesu mwenyewe. Kama hofu peke yake ni dhambi, hapo tunafika pabaya, maana tunamjua yeye hakuwa na dhambi. Na alifanya nini na fadhaa ile? Aliomba, ndiyo. Lakini kabla ya kuomba aliwachukua watatu na kuwaambia wakae naye, wakeshe. Mwana wa Mungu alitaka watu karibu. Bahati mbaya walisinzia, kama wale wenzangu wa chumba wakiambiwa tuamke kudesa saa tisa usiku!

Halafu nikamkuta Gideoni, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote. Waamuzi 7. Gideoni ana watu 32,000, Mungu anamwambia yeyote anayeogopa arudi nyumbani. Wakarudi 22,000! Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyeitwa muasi. Sheria ya Musa yenyewe, Kumbukumbu 20, ilisema mwenye hofu aruhusiwe kurudi kwake. Wakabaki 10,000, wakachujwa tena mpaka 300. Usiku ule Mungu anamwambia Gideoni ashuke mpaka kwenye kambi ya adui. Halafu anaongeza jambo ambalo miaka yote ya shule ya Jumapili sikuwahi kuliona: kama unaogopa kushuka, nenda na Pura mtumishi wako.

Nilisoma mara tatu. Mungu hakumwambia Gideoni kemea hofu hiyo. Hakumwambia pia basi lala, nitatafuta mwingine. Alimpa mtu wa kwenda naye. Na Biblia haituambii kama Gideoni aliogopa au la, inasema tu kwamba alishuka yeye na Pura. Ndugu zangu, jibu analo Pura!

Nikakumbuka shule yetu ya Mwisenge. Pale wanasoma pia watoto wasioona, tumekua tukiwaona kila siku. Mmoja ameweka mkono kwenye bega la mwenzake na wanavuka barabara wakipiga stori na kucheka. Barabara ni ile ile, pikipiki za Musoma ni zile zile na mnajua zinavyoendeshwa. Hakuna aliyeiondoa hatari ya barabara kwa ajili yao. Kuna bega tu.

Tangu hapo nikisoma neno "usiogope" kwenye Biblia naangalia linalofuata. Kwa Yoshua, kwa Yeremia, kwenye Isaya 41, karibu kila mahali linalofuata ni ahadi kwamba Bwana yupo pamoja nawe. Mara nyingi sana hofu inajibiwa kwa kupewa wa kwenda naye.

Sasa nirudi kwa baba mdogo, niliahidi. Maana kuna mtu ataniuliza, na mimi mwenyewe nimejiuliza kwa miaka: yeye hakuomba? Wale wa MV Nyerere hakuna aliyeomba? Waliomba, nina hakika, Wakristo na Waislamu. Ndiyo maana siwezi kumwamini mtu anayeniambia ukiomba vizuri hutazama. Wale vijana watatu wa Danieli 3 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawatasujudia sanamu. Lile "hata asipo" ndiyo imani ninayoweza kuibeba. Imani ya "haiwezi kunipata" ilizama na mtumbwi nikiwa darasa la tatu.

Lakini pia nisidanganyike nikaita uzembe imani. Hapa ndipo Paulo alinisaidia. Someni Matendo 27 polepole, ni kama taarifa ya ajali. Paulo aliwaonya mapema kwamba safari ile ina hatari, akida akamsikiliza nahodha na mwenye chombo. Dhoruba ikaja. Wakatupa shehena baharini kupunguza uzito. Malaika akamwambia Paulo asiogope, wote watapona. Baada ya ahadi hiyo mngetegemea akae tu aimbe sifa! Wapi. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua ndogo aliwazuia. Aliwahimiza watu wale, wapate nguvu. Na Luka anatupa hesabu kamili ya waliokuwemo: watu 276. Mtu alikuwa na idadi yao! Chombo kilivunjika, watu wote wakafika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Na kuna kitu kingine. Kwenye 2 Wakorintho 11 Paulo anasema alikuwa ameshavunjikiwa na chombo mara tatu, na kukaa usiku na mchana kilindini. Barua hiyo iliandikwa kabla ya safari ya Matendo 27. Maana yake alipopanda chombo kwenda Rumi alikuwa anajua kabisa kuzama kukoje. Na alipanda.

Ndipo nikaurudia ule mstari wa mhubiri, 2 Timotheo 1:7, nikausoma mpaka mwisho. Badala ya woga Paulo anataja vitu vitatu: nguvu, upendo na kiasi. Pale ibadani tulishangilia nguvu tukaondoka. Upendo hatukuufikia, na kiasi ndiyo kabisa. Kumbe mimi mtu wa Ukara ninavihitaji vyote vitatu! Upendo ni wale watoto wanaosubiri mtu wa kuwafundisha Kemia. Na kiasi, jamani, kiasi ni kipimo. Abiria 101 ni kiasi. Kivuko kikiwa kimejaa kupita uwezo wake na roho ikakuambia usipande, hiyo siyo roho ya woga, hiyo ni kiasi inaongea. Shetani alimwambia Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, na hata maandiko alimnukulia. Yesu akakataa, akasema Mungu hajaribiwi. Kupanda chombo kilichozidiwa huku umefumba macho unasema "kwa jina la Yesu" naona ni jaribu lile lile.

Basi jana nikampigia mama tena. Nikamwambia habari ya Gideoni yote, mpaka akaniuliza ninatumia bando la nani. Nilipofika kwa Pura akacheka. "Kwa hiyo mimi ndiye Pura?" Nikamwambia sikusema hivyo mama. Akanyamaza tena, kama siku ile. Halafu akasema, "Nami naogopa, tena kuliko wewe. Lakini huko hutavuka peke yako. Tutavuka wote, nione hiyo shule na mahali utakapolala, ndipo nirudi."

Mama yangu hajapanda chombo chochote cha majini tangu msiba wa baba mdogo. Hata kwenda Kinesi kusalimia ndugu, boti zinaondoka hapo hapo Mwigobero, yeye huzunguka kwa gari. Nilikata simu nikalia kidogo. Hofu ya mama na hofu yangu sasa zitakaa benchi moja.

Fomu sitairudisha. Na wewe unayesoma hapa ukiwa umejaza yako, sikuhukumu hata chembe. Wale 22,000 walirudi nyumbani na Mungu hakuwasema. Kila mtu na kambi aliyotumwa kushukia.

Mpango wangu kwa wanaotaka kujua: tutavuka asubuhi, hali ya hewa ikiwa mbaya tutalala Bugolora, sina haraka na mtu. Tutaomba jaketi okozi na kuvaa hata wakitucheka. Nitahesabu watu kwa macho, na nikiona wamezidi tutashuka, mama na mimi na begi langu la vitabu. Na nimeshaongea na dada mmoja wa hosteli ya jirani anayejua kuogelea, TP ikiisha ananifundisha. Anasema ataanza na kunifundisha kuelea. Nimemwambia hiyo tu inanitosha kwa mwaka wa kwanza!

Nawaomba kitu kimoja. Msiniombee nisiogope, nitaogopa tu, najijua. Niombeeni mama na mimi tuvuke salama, tena waombeeni na wavuvi wa dagaa, maana mwezi umeisha na usiku wa giza umeanza, wako kazini sasa hivi ninavyoandika. Na kama una Pura wako mahali, mpigie leo. Kama wewe ndiye Pura wa mtu, usisinzie.

Nikipata mtandao Ukara nitawaandikia. Nawapenda, tuombeane.